Uchachu, Harufu na Ukali: Namna ya Kuonja Chai ya Rosela na Viungo

Vinywaji vingi vinavyouzwa kwa jina la chai ya matunda na viungo havina hata jani moja la mchai, kwa kuwa hutengenezwa kwa maua, matunda makavu, magome, mbegu na mizizi ya mimea mingine, na kwa sababu hiyo havina kafeini, yaani kemikali iliyomo katika majani ya mchai na mbegu za mbuni ambayo humchangamsha mnywaji na kumwondolea usingizi. Mkemia Mjerumani Friedlieb Ferdinand Runge aliitenga kafeini kutoka katika kahawa mwaka 1819, na utafiti uliofuata baadaye ulibainisha kwamba huziba vipokezi vya adenosini, kemikali ambayo huujulisha ubongo kuwa mwili umechoka. Kwa mtu mzima, takriban nusu ya kafeini aliyoinywa huwa bado imo mwilini baada ya saa tano hivi, na ndiyo maana kikombe cha jioni huwakosesha wengi usingizi. Chai ya mimea isiyo na kafeini kwa asili yake ni tofauti na chai iliyoondolewa kafeini kiwandani, kwani hiyo ya pili ni majani ya mchai yaleyale, nayo hubaki na kiasi kidogo cha kemikali hiyo.

Kukosekana kwa majani ya mchai hubadili pia ladha, si nguvu ya kinywaji peke yake. Kafeini ni chungu, na majani ya mchai yana tanini, yaani kemikali za mimea zinazokaza kinywa na kukipa kinywaji uzito; kinywaji kisicho na majani hayo hubidi kipate nguzo nyingine. Katika chai nyingi za matunda nguzo hiyo ni rosela, mmea ambao wanasayansi huuita Hibiscus sabdariffa na ambao Tanzania hujulikana pia kwa jina la choya. Rosela ni ya ukoo mmoja na bamia na pamba, na sehemu yake inayonywewa si petali za ua bali ni sepali, vile vijani vinene vyekundu vinavyolizunguka tunda baada ya petali kuanguka. Nchini Sudan na Misri sepali hizo hutengenezwa karkade, kinywaji kinachonywewa cha moto au cha baridi, Senegal hutengenezwa bissap, na Jamaika hulowekwa pamoja na tangawizi kwa ajili ya Krismasi. Katika pakiti za chai ya matunda zinazouzwa Ulaya, rosela ndiyo mara nyingi inayoleta wekundu na uchachu, hata pale ambapo picha ya pakiti inaonyesha tunda jingine kabisa.

Viungo vinavyofuatana nayo ni vile ambavyo jiko la pwani ya Afrika Mashariki limevizoea: mdalasini, ambao ni gome la ndani la mti, karafuu, ambayo ni tumba la ua lililochumwa kabla halijachanua, na ambayo imelimwa kwa wingi Unguja na Pemba tangu karne ya 19, iliki, ambayo ni mbegu zilizofungwa katika ganda, na tangawizi, ambayo ni shina linalotambaa chini ya udongo. Mchanganyiko wa namna hii hauonjwi kwa ulimi peke yake, kwa kuwa uchachu, harufu na ukali wake hupokewa na hisi tatu tofauti, na anayeweza kuzitenganisha hisi hizo ndiye anayeweza kueleza kwa nini kikombe kimoja kimekolea na kingine kimeharibika.

Uonjaji wa kulinganisha huanza na vipimo. Kiwango cha kimataifa kiitwacho ISO 3103, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1980, huelekeza kwamba chai ya kuonjwa itengenezwe kwa gramu 2 za majani katika kila mililita 100 za maji yaliyochemka, na ilowekwe kwa dakika 6. Kiwango hicho kiliwekwa kwa ajili ya majani ya mchai, lakini kanuni iliyomo ndani yake, yaani kwamba vikombe haviwezi kulinganishwa ikiwa vipimo na muda vinatofautiana, inafaa kwa mimea yote. Tofauti iliyopo ni kwamba magome na mizizi hutoa ladha yake polepole, hivyo mdalasini na tangawizi huchemshwa kwanza kwa dakika kumi hivi, kisha sufuria huepuliwa ndipo rosela itiwe na kufunikwa, kwa kuwa rosela iliyochemshwa kwa muda mrefu huzidisha uchachu na kupoteza harufu yake nyepesi. Kinywaji huachwa kipoe kidogo kabla ya kuonjwa, kwani kilicho moto sana huunguza ulimi na kuzificha ladha. Isitoshe, mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliviweka vinywaji vinavyonywewa vikiwa na joto linalozidi nyuzi 65 za Selsiasi katika kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani.

Hisi ya kwanza ni ya ulimi. Ulimi hutambua ladha tano za msingi, ambazo ni utamu, uchachu, uchungu, chumvi, na umami, yaani ladha ya mchuzi wa nyama au uyoga, ambayo mkemia Mjapani Kikunae Ikeda aliieleza mwaka 1908. Ile ramani inayodai kwamba utamu huonjwa kwenye ncha ya ulimi na uchungu nyuma yake imekwisha kukataliwa na sayansi, kwa sababu kila eneo la ulimi lenye vionjio hupokea ladha zote. Katika chai ya rosela isiyotiwa sukari, ulimi hupata zaidi uchachu unaotokana na asidi kadhaa, mojawapo ikiwa asidi ya sitriki inayopatikana pia katika limau. Uchachu huo huamsha mate, na mate hayo ndiyo humfanya mnywaji ahisi kwamba kinywaji kinakata kiu.

Hisi ya pili ni ya pua, nayo ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya kile ambacho watu hukiita ladha ya tunda. Harufu huifikia pua kwa njia mbili, ya kwanza ikiwa ni kuvuta hewa kutoka nje, na ya pili ikiwa ni ile hewa inayopanda kutoka nyuma ya kinywa mara baada ya kumeza. Jaribio rahisi huthibitisha jambo hilo: anayebana pua na kunywa funda moja hupata uchachu mtupu, na akiiachia pua, mdalasini, iliki na matunda hujitokeza ghafla. Ndiyo sababu waonjaji wa kitaalamu, wakiwemo wale wanaopima chai kwa ajili ya mnada wa Mombasa, huivuta chai kutoka kwenye kijiko kwa kishindo, ili itawanyike kinywani na mvuke wake upande puani. Ubongo uliozoea kukutana na mdalasini katika maandazi na keki huuhusisha na utamu, kwa hiyo harufu yake huweza kukifanya kinywaji kionekane kitamu kuliko kilivyo.

Hisi ya tatu si ladha wala harufu, bali ni mguso na joto vinavyopokewa na neva ya trijemina, ambayo huhudumia uso na kinywa. Jinjeroli, kemikali ya tangawizi, huamsha vipokezi vilevile vinavyotambua joto, na tangawizi ikikaushwa sehemu ya jinjeroli hugeuka kuwa shogaoli iliyo kali zaidi, hivyo unga wa tangawizi haulingani na tangawizi mbichi. Yujenoli, kemikali ya karafuu, hutia ganzi, na ndiyo maana mafuta ya karafuu yametumiwa kwa muda mrefu kutuliza maumivu ya meno. Tanini za rosela nazo hushikamana na protini za mate na kuacha ukakasi, yaani ule mkwaruzo unaohisiwa kinywani baada ya kula tunda bichi.

Hisi hizo hufuatana kwa wakati: uchachu hutangulia, harufu hukomaa wakati wa kumeza, na ukali hubaki kooni mwishoni. Mpangilio huo huonyesha mahali pa kurekebisha. Uchachu ukizidi, kuongeza viungo hakusaidii, kwa kuwa havigusi asidi. Dawa yake ni kupunguza rosela au kutia kitu kitamu kama tende au asali. Katikati pakiwa patupu, harufu haikutosha au ilipotea na mvuke wa chombo kilichoachwa wazi. Ganzi ikifunika kila kitu, karafuu zimezidi.

Chombo pia kina neno lake, kwa kuwa asidi ya rosela huimomonyoa alumini, na kwa hiyo sufuria ya chuma kisichoshika kutu au birika la kauri hufaa zaidi. Asidi hiyohiyo hulainisha gamba la meno, na sukari huificha bila kuiondoa. Aidha, kutokuwa na kafeini si kutokuwa na athari: katika jaribio lililochapishwa Marekani mwaka 2010 na kuwahusisha watu wazima 65, vikombe vitatu vya rosela kwa siku kwa wiki sita vilishusha shinikizo la damu kwa kiasi, hivyo wanaotumia dawa za shinikizo la damu pamoja na wajawazito wanapaswa kumuuliza daktari kabla ya kuinywa kila siku. Kwa wengine, kazi iliyobaki ni ya kinywa na pua, kwani anayejua kama kasoro iko katika uchachu, harufu au ukali hatakimbilia kijiko cha sukari kwa kila kikombe kisichompendeza.