KUOGELEA KWENYE BANDARI ILIYOKUFA: WENZETU WA MANCHESTER WALIFANYAJE?



Leo tuweke mpira pembeni kidogo, ingawa tutaanzia hukohuko. Wewe shabiki wa Man U au Man City, umeshawahi kuiangalia vizuri nembo ya timu yako? Pale juu kuna meli. Sasa jiulize, Manchester iko mbali na bahari, hiyo meli inatafuta nini pale? Imetoka kwenye nembo ya jiji lenyewe, na maana yake ni biashara. Na meli za kweli zilifika, tena kubwa. Zilikuwa zikitia nanga karibu kabisa na uwanja wa Old Trafford, ng'ambo tu ya maji.

Siku hizi meli za mizigo hazifiki tena pale. Ila ukienda majira ya joto unakuta watu wamevaa kofia za rangi kali wanaogelea palepale zilipokuwa zinafunga meli. Na miaka ya 1980 mwanzoni maji yale yalikuwa yananuka!

Hivi walifanyaje? Na kwa nini kila mwaka Uingereza bado kuna vijana wanaokufa kwenye maji ya namna hii? Hayo mawili ndiyo nataka tuyaelewe leo, maana yanatuhusu hata sisi tulioko Forodhani, Kivukoni na Mombasa.

BANDARI ILIKUJAJE MJINI?

Manchester ilikuwa mji wa viwanda vya pamba. Pamba ilishushwa Liverpool, kisha inasafirishwa tena hadi Manchester, na gharama zilikuwa zinawauma matajiri wa mji. Wakaamua kuchimba mfereji wa meli. Kazi ilianza 1887, na mfereji wa kilomita 58 hivi ukafunguliwa 1894. Malkia Victoria mwenyewe alikuja kuufungua rasmi mwezi wa Mei mwaka huo.

Mwisho wa mfereji yakachimbwa mabwawa makubwa ya kufungia meli. Yaliitwa bandari ya Manchester, ingawa sehemu kubwa iko mji jirani wa Salford. Bwawa kubwa kuliko yote, Namba 9, lilifunguliwa 1905. Mji ambao hauna bahari ukawa moja ya bandari kubwa za Uingereza!

Halafu yakaja makontena. Meli zikawa kubwa mno kwa mfereji ule, mizigo ikahamia bandari za pwani, na mwaka 1982 bandari ikafungwa. Maelfu ya watu wakabaki bila kazi. Kilichobaki ni magofu, vyuma chakavu na maji machafu.

MAJI YALIHARIBIKAJE?

Hapa tuelewane vizuri, maana ndiyo kiini cha habari yote.

Mfereji ule unapokea maji ya mto Irwell, na Irwell ulipita katikati ya viwanda na nyumba. Maji taka ya viwandani na ya vyooni yaliishia humo miaka na miaka. Sasa mto unaokwenda mbio unajisafisha kidogo. Lakini bwawa la bandari limechimbwa kwa makusudi ili maji YATULIE, meli zisiyumbe. Uchafu ukiingia unatua chini na kuwa tope.

Kwenye tope wako bakteria wanaokula uchafu, na wakila wanatumia oksijeni iliyomo ndani ya maji. Oksijeni ikiisha samaki wanakufa, halafu wanashika zamu bakteria wa aina nyingine, wale wanaotoa gesi inayonuka kama yai bovu. Wakati wa joto gesi ilikuwa inapanda na mapande ya tope mpaka juu. Nani angeogelea humo?

WALISAFISHAJE?

Mwaka 1983 halmashauri ya Salford ilinunua eneo lile, na 1985 ukatoka mpango wa kulijenga upya. Jina jipya likawa Salford Quays. Walifanya mambo matatu ambayo hata mtu asiye mhandisi anayaelewa.

1. Walitenga maji. Walijenga kuta za udongo na mawe kwenye midomo ya mabwawa, yakatengana na mfereji mchafu. Huwezi kudeki nyumba wakati bomba la maji taka bado linamwaga sebuleni!

2. Walirudisha hewa. Waliweka mitambo chini ya maji inayosukuma hewa. Mapovu yakipanda yanayavuta maji ya chini kuja juu, na ya juu yanashuka. Kwa hiyo maji yanachanganyika na oksijeni inafika mpaka chini.

3. Walipandikiza samaki. Samaki wakiishi na kuzaliana, ni dalili kwamba maji yamerudi kwenye uhai.

Baadaye, kuanzia 2001, hata mfereji wenyewe uliokuwa umebaki nje ya kuta ukaanza kupuliziwa oksijeni.

Matokeo? Mwaka 2002 Manchester iliandaa Michezo ya Jumuiya ya Madola, na triathloni ikafanyika Salford Quays. Wanamichezo wa kimataifa waliogelea mita 1,500 ndani ya bandari ya zamani, wakapanda baiskeli kilomita 40, wakamalizia kwa kukimbia kilomita 10. Miaka 20 tu tangu bandari ifungwe! Si mchezo.

Na siyo wao peke yao. London nao wana Royal Victoria Dock, bwawa lililofunguliwa 1855, ambalo sasa watu wanaogelea na kushindana. Liverpool walipata msaada ambao hawakuulipia: kome walijaa wenyewe kwenye kuta za bandari ya zamani. Kome anakula kwa kuchuja maji, na wakiwa mamilioni wanakuwa chujio kubwa la bure. Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, walifungua bwawa la kuogelea ndani ya bandari yao mwaka 2002, baada ya kujenga matangi ya kuzuia maji taka yasimwagike mvua inaponyesha. Wana hadi mfumo wa kutangaza lini maji yako salama na lini usiingie.

MAJI MEUPE SI MAJI SAFI

Ukiona maji yanang'aa usidhani yamepona. Bakteria wa kinyesi hawaonekani kwa macho. Kwa hiyo maji yanapimwa. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2006 inaangalia aina mbili za vijidudu vya tumboni. Kwa maji ya mito na maziwa kupata daraja la juu kabisa, E. coli wasizidi 500 katika kila mililita 100. Kwa maji ya bahari kiwango ni kikali zaidi, wasizidi 250.

Na mvua kubwa inaweza kuvuruga kila kitu kwa usiku mmoja, maana kwenye miji ya zamani maji ya mvua na ya vyooni yanapita bomba moja. Bomba likijaa linamwaga mtoni. Ndiyo maana waogeleaji wazoefu hukaa siku moja au mbili baada ya mvua kubwa ndipo waingie.

Kuna na mkojo wa panya. Panya na bandari ni ndugu. Mkojo wao unaleta ugonjwa ambao sisi Tanzania tuliufahamu kwa jina la homa ya mgunda, ule uliozuka Lindi mwaka 2022. Kijidudu kinaingia kupitia kidonda au mchubuko, machoni, puani au mdomoni. Kwa hiyo ukiwa na kidonda funika, ukitoka oga kwa sabuni, na ukipata homa siku chache baadaye mwambie daktari kwamba uliogelea wapi. Asipojua hilo anaweza kukutibia malaria bure.

KWA NINI BADO WATU WANAKUFA?

Sasa hapa ndipo penye uchungu. Maji yamesafishwa, lakini kila jua linapowaka Uingereza, vijana wanachupa kwenye mabandari na machimbo ya zamani, na wengine hawarudi. Wengi wao ni watu waliokuwa wanajua kuogelea! Kulikoni?

Kwanza ni baridi. Jua la mwezi wa Mei linachoma lakini maji bado ni ya baridi kali. Ukijitosa ghafla kwenye maji ya chini ya nyuzi 15 hivi, mwili unashtuka: unavuta pumzi kwa nguvu bila kutaka, moyo unaenda mbio, unahema kama umekimbizwa. Ile pumzi ya kwanza ukiivuta kichwa kikiwa ndani ya maji, umevuta maji. Mshtuko huu unakuja dakika ya kwanza mpaka ya tatu. Ubingwa wako wa kuogelea hausaidii kitu hapo.

Pili ni kuta. Ufukweni ukichoka unatembea kurudi nchi kavu. Bandari haina ufukwe. Ni ukuta wima na maji marefu kuanzia ukingoni. Kama hukujua ngazi iko wapi kabla ya kuruka, utaitafuta ukiwa tayari umechoka.

Tatu ni vilivyomo chini: vyuma, minyororo, baiskeli na takataka za miaka mia. Unayechupa kwa kichwa huvioni.

Wahenga walisema mfa maji haachi kutapatapa. Kumbe kutapatapa kwenyewe ndiko kunakomaliza! Shirika la waokoaji la Uingereza, RNLI, linafundisha kinyume chake: ELEA KWANZA. Lala chali, rudisha kichwa nyuma mpaka masikio yaingie majini, tanua mikono na miguu, chezesha mikono taratibu, na tulia mpaka pumzi irudi. Ule mshtuko unapita. Ndipo uite msaada au uogelee kuelekea ngazi.

Kama dakika zako za kafe zinakaribia kuisha, kariri hiyo aya moja, mengine utarudi kuyasoma kesho.

WANAOOGELEA KWA MPANGO WANAFANYAJE?

Tofauti kati ya yule anayerudi nyumbani na yule anayetafutwa na wazamiaji mara nyingi ni mpango. Kwenye vikao rasmi vya kuogelea unaandikwa jina ukiingia na ukitoka, ili ijulikane nani bado yuko ndani. Unavaa kofia ya rangi kali uonekane. Njia imewekewa maboya. Kuna waokoaji kwenye mitumbwi midogo. Wengi huvaa suti ya mpira inayotunza joto na kusaidia kuelea, na kila mtu huvuta boya dogo lililofungwa kiunoni. Hakuna kuruka. Unashuka taratibu, unanawa uso, unaizoea baridi kwanza.

Wanasema ukiyavulia nguo maji huna budi kuyaoga. Mimi kwa hili nakataa. Ukiona maji siyo, vaa nguo zako uende zako nyumbani. Si aibu.

NA SISI JE?

Najua mtu atasema: hayo ya Wazungu, kwetu maji ni ya moto na tunaogelea tangu utoto. Kweli kabisa. Jioni nenda Forodhani pale Unguja uone vijana wanavyochupa baharini kutoka ukutani. Raha kuangalia, na ufundi wao haukufundishwa shuleni.

Lakini tuseme ukweli. Bandari zetu siyo za zamani kwa maana ya kufa. Zinafanya kazi. Kuna boti za abiria, kuna pangaboi, kuna mafuta majini. Mkondo wa bamvua haumjali bingwa. Na kina kinabadilika: pale ulipochupa asubuhi maji yakiwa yamejaa, saa za maji kupwa unakutana na mwamba.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 300,000 hivi walikufa maji duniani mwaka 2021, na zaidi ya tisa katika kila kumi walikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Yaani huku kwetu. Wengine ni wavuvi wa Ziwa Victoria, wengine ni watoto waliotumwa maji tu. Na bado mtoto anaweza kukulia mita mia moja kutoka baharini asifundishwe kuelea, hasa mtoto wa kike.

Kwa hiyo la kuiga Salford siyo mitambo ya gharama. La kwanza ni kwamba mji uliamua maji ni mali ya wananchi, siyo jalala la nyuma ya viwanda. La pili ni kwamba kusafisha maji peke yake hakutoshi. Ngazi ukutani, boya lenye kamba na mtu anayehesabu nani kaingia nani katoka ni vitu ambavyo hata mtaa unaweza kuvimudu. Kufundishana kuelea ni bure.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Huko mliko vijana wanaogelea wapi, na nani anawaangalia? Walioko Manchester na Liverpool nao watuambie hali ya maji ilivyo. Tiririkeni hapo chini, ila matusi hapana!