Karai la Punda Mzee

Ukiubana mkunjo wa ngozi ya shingo ya punda kisha ukauachia, ukikawia kurudi, basi mnyama amekaukiwa. Ndivyo wengi walivyofunzwa. Mama mmoja muuza maji wa Kiirua hakiamini kipimo hicho. Punda wake mzee, asema, ngozi yake hukawia hata akiwa ametoka kunywa sasa hivi. Yule mchanga ngozi yake huruka papo hapo na kiu imemshika.

Neno hilo halikunitoka kichwani. Kumbe mwaka 2006 Pritchard na wenzake walichapisha utafiti juu ya farasi na punda wa kazi nchini Pakistan: mbano wa ngozi haukuafikiana na vipimo vya damu, wala na unywaji wa maji. Uliafikiana na umri.

Cha mama ni karai. Kabla ya kufunga mitungi humwekea punda maji, na ni karai pana, si ndoo, kwa kuwa ndoo humziba macho naye hapendi kunywa asipoona anayemjia. Akinywa mfululizo bila kuinua kichwa, safari ya jana ilizidi. Akinusa akageuka, mama huonja maji mwenyewe. Huenda mtungi ulikuwa wa mafuta. Baadaye hupitisha kidole chini ya mkanda wa tumbo na ule wa chini ya mkia, ambako huanza kuchubuka. Haya yote huyafanya akiongea na punda, na masikio ya punda humfuata.

Wataalamu wana uhuru wao wa aina tano kwa wanyama, uliotangazwa Uingereza mwaka 1979, na wa kwanza ni kutokuwa na njaa wala kiu. Sisi Kenya tuna sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360. Biashara ya ngozi ya punda nayo tunaijua: machinjio ya punda yalipigwa marufuku 2020, mahakama ikaitengua marufuku hiyo 2021, na mwaka 2024 Umoja wa Afrika ukaizuia biashara hiyo barani kote kwa miaka 15.

Lakini mama haogopi machinjio kama anavyoiogopa alasiri, anapomkabidhi punda kijana wa kibarua anayelipwa kwa mtungi. Anayetaka kujua hali ya punda, asema, asije asubuhi. Aje saa kumi, asimame nyuma ya kijana aone masikio yanaelekea wapi fimbo inapoinuliwa. Punda huficha maumivu, na ikifika jioni kidonda kimejaa vumbi.

Nilimwuliza kama fimbo ingepungua akimlipa kijana kwa siku. Alisema huenda, ila bei ya maji haimruhusu kujaribu.