Baraka Akishatoka Chumba cha Upasuaji

Hadithi, hadithi! Leo simleti sungura wala fisi. Namleta kijana wa miaka 20, tumwite Baraka, anayeumwa kidole tumbo. Daktari amesema apasuliwe usiku huu huu.

Baraka amelazwa chali. Mtaalamu wa usingizi anambana kidoleni kifaa kidogo chenye taa nyekundu. Mwanga wake unapenya ngozi na kupima oksijeni iliyomo kwenye damu, huku mashine ikilia: tii, tii, tii. Oksijeni ikipungua, mlio unakuwa mzito, na mtaalamu anashtuka hata kama amegeuka kuvuta dawa kwenye sindano. Kisha dawa inaingia mshipani. Baraka hata hajamaliza kuhesabu, tayari yuko kwenye nusukaputi. Huu si usingizi wa nyumbani, ambao mama akikutikisa unaamka. Hasikii maumivu, hatakumbuka kitu, na hata pumzi lazima asaidiwe. Ndiyo maana mtaalamu yule habanduki kando yake mpaka kazi iishe.

Sasa niambieni, wajukuu zangu: hatari kubwa iko wapi? Najua mtasema ni pale kisu kinapokata.

Mwaka 2016, madaktari wa hospitali 247 katika nchi 25 za Afrika, wakiongozwa na Profesa Bruce Biccard wa Chuo Kikuu cha Cape Town, walilifuatilia jambo hili. Kwa wiki moja, kila hospitali iliandika habari za watu wazima waliolazwa na kupasuliwa. Walizidi 11,000. Majibu yalitoka mwaka 2018, nayo yanauma. Wagonjwa wetu walikuwa vijana, wenye afya kuliko wagonjwa wa upasuaji wa kwingineko, lakini walifariki mara mbili ya wastani wa dunia. Na kati ya 239 waliofariki, 225 walifariki siku za baada ya upasuaji. Wodini! Kule ambako mashine hailii tena, na muuguzi mmoja wa zamu ya usiku ana vitanda vingi vya kuzungukia. Damu inavuja ndani kwa ndani, au kidonda kinaingia vijidudu, na hakuna aliyeona mapema.

Watafiti hawakuishia hapo. Katika hospitali 332 walijaribu dawa isiyo ya chupani: mgonjwa aliye hatarini apimwe mara nyingi zaidi, kitanda chake kiwe mahali muuguzi anapokiona, ndugu waruhusiwe kukaa naye. Mwaka 2021 wakatangaza kwamba vifo havikupungua. Nawaheshimu sana kwa kusema hivyo waziwazi. Kwa maoni yangu, hakuna mpango wa kumwangalia mgonjwa utakaofaulu iwapo waangalizi wenyewe hawatoshi. Wauguzi na wataalamu wa usingizi waongezwe, na wenye kupanga bajeti wasikie.

Nanyi wadogo mna kazi. Siku mkienda kumwona ndugu aliyepasuliwa, mwangalieni. Akihema kwa shida, akiwa baridi na jasho linamtoka, akianza kuongea maneno yasiyoeleweka, au bandeji ikilowa damu, msingoje mkubwa arudi kutoka kantini. Mwiteni muuguzi papo hapo, wala msione haya kumwita tena.