Pepopunda si Pepo



Miongoni mwa magonjwa yaingiayo katika mishipa ya fahamu ya watoto, uko mmoja ambao jina lake limewapoteza wengi, nao ni pepopunda. Kwa kuwa neno pepo limo katika jina hilo, wako watu ambao, wamwonapo mtoto mchanga akikakamaa, humwendea mwaguzi kwanza. Wako na Wakristo wasiomwendea mwaguzi, lakini hukaa nyumbani wakisema, "Ni mapenzi ya Mungu." Njia hizo ni mbili, na mwisho wake ni kaburi moja dogo.

Basi sikilizeni habari ya kisiwa cha St Kilda, kilichoko mbali baharini, magharibi ya Scotland. Katika miaka ya 1880 watu wake hawakufika mia, nao walikuwa Wakristo washika ibada. Lakini kwa miaka mingi zaidi ya nusu ya watoto wao walikufa wangali wachanga. Mtoto alizaliwa mzima, akanyonya vema; baada ya siku chache taya lilifungwa, na yapata siku ya nane alikufa. Wengi walikwisha kukata tamaa, wakidhani Mungu ndiye aliyeamua hivyo.

Mwaka 1889 alifika mchungaji aitwaye Angus Fiddes. Yeye hakuona kwamba yatosha kuwazika watoto na kuwafariji mama zao. Alivuka bahari, akaenda Glasgow kujifunza kazi ya ukunga, akarudi na dawa ya kuua vijidudu, akataka kitovu cha kila mtoto kitunzwe kwa usafi. Baada ya mwaka 1891 hakufa tena mtoto kisiwani kwa ugonjwa ule. Mapenzi ya Mungu hayakubadilika. Yaliyobadilika ni matunzo ya kitovu.

Mwaka ule ule wa 1889, Mjapani Kitasato, akifanya kazi Berlin, alifaulu kukikuza peke yake kijidudu cha pepopunda. Kijidudu hicho hukaa udongoni na katika mavi ya wanyama. Kikipata kidonda hutoa sumu, nayo hufuata mishipa ya fahamu mpaka uti wa mgongo, hata misuli hukaza isiweze kulegea. Ndiyo sababu mgongo wa mtoto hupindika, na kelele ndogo au kuguswa tu humshtua. Mlango wa sumu hiyo kwa mtoto mchanga ni kitovu kilichokatwa kwa chombo kichafu, au kilichopakwa udongo, majivu au mavi ya ng'ombe.

Kwa hiyo, akina mama na akina bibi, shikeni haya. Mwenye mimba aende kliniki achomwe sindano ya pepopunda. Ikiwa hajapata kuchomwa kamwe, ya pili hufuata baada ya majuma manne au zaidi, nayo itangulie kuzaa kwa majuma mawili au zaidi; kinga yake humfikia mtoto tumboni. Mkunga anawe mikono kwa sabuni, akate kwa wembe mpya, afunge kwa uzi safi. Kitovu kiachwe kikavu, kisipakwe kitu ila dawa iliyotolewa na kliniki. Na mtoto aliyenyonya vema siku mbili za kwanza, kisha akashindwa kunyonya na kukakamaa, apelekwe hospitali saa ile ile, wala asingojewe mpaka kesho.

Uganda mwaka 2011, na Tanzania mwaka 2012, zilithibitishwa kuwa zimeupunguza ugonjwa huu hata kuwa chini ya mtoto mmoja kwa kila 1,000 wanaozaliwa hai katika kila wilaya. Lakini kijidudu kingali udongoni, na nyumba iachayo usafi na sindano humfungulia tena mlango.

Nanyi waalimu, wafundisheni haya wale mnaowaandaa kwa ndoa. Bwana wetu aliwapakata watoto wadogo mikononi mwake. Sisi tulio wake tutawapokeaje kwa mikono michafu?