Pilipili manga ya Kinole kwenye nyama ya Waperu

Je, wajua kwamba pilipili manga nyeusi na nyeupe hutoka kwenye mmea mmoja? Panda hadi Kinole, upande wa mashariki wa milima ya Uluguru mkoani Morogoro, utaukuta umekwea miti ya watu shambani, jirani na migomba, midalasini, iliki na mikarafuu. Kila kifundo cha shina lake hutoa vijizizi vinavyong'ang'ania gome. Haunyonyi mti ulioubeba. Unachotaka ni mahali pa kusimama. Kwao ni Malabar, kusini-magharibi mwa India, penye mvua nyingi na kivuli. Kinole ina vyote viwili, kwani pepo za Bahari ya Hindi zikigonga mlima huu humwaga mvua upande huu kabla ya kuvuka ng'ambo.

Punje hukaa kwenye vishada vyembamba vinavyoning'inia. Mkulima huchuma kishada pale punje chache zinapoanza kuwa nyekundu na nyingine zikiwa bado za kijani, kisha huanika. Juani ganda husinyaa na vimeng'enya vilivyomo hulitia weusi. Ukitaka nyeupe, unaloweka punje zilizoiva mpaka ganda lioze litoke. Sehemu kubwa ya harufu hutoka nalo, ndiyo maana nyeupe mimi sinunui.

Ukali wake unatokana na kemikali iitwayo piperini. Aliyeitenga mwaka 1819 ni Hans Christian Ørsted wa Denmark, yuleyule ambaye mwaka uliofuata aligundua kwamba umeme unasogeza sindano ya dira. Piperini huamsha neva zilezile zinazotoa taarifa ya kuungua, na pilipili kali nayo hufanya hivyo hivyo. Ulimi hudhani kuna moto wakati hakuna kitu. Harufu ni habari nyingine: hiyo imo kwenye mafuta mepesi ambayo huanza kuruka mara tu punje inapovunjwa, na jikoni hukimbia zaidi. Mwanga nao huibadili piperini, ukali ukapungua. Kwa hiyo unga uliokaa dukani kwenye kichupa cha kioo, juani, umebaki rangi na vumbi.

Chakula kinachoionyesha vizuri pilipili hii ni cha mbali: lomo saltado, nyama ya ng'ombe ya Peru ambayo hupikwa majumbani kwa dakika chache. Wachina walianza kupelekwa Peru kufanya kazi mashambani mwaka 1849, wakaenda na kikaango cha moto mkali na sosi ya soya. Ng'ombe walikuwa wameletwa na Wahispania. Viazi ni vya Waperu tangu kale, kwani vililimwa kwanza kwenye milima ya Andes. Sahani hiyo hubeba chipsi na wali kwa pamoja, jambo ambalo mpenda chipsi wa Morogoro hatalilalamikia.

Karibu vitu vyake vyote vipo kwetu. Viazi na mboga hushuka kutoka Mgeta, upande wa pili wa Uluguru hiyohiyo; siki na sosi ya soya zipo madukani. Inayokosekana ni pilipili yao ya njano. Weka hoho na kipande kidogo cha pilipili mbuzi.

Kazi iko kwenye nyama. Sisi tumezoea kuichemsha kwanza, na kwa ng'ombe aliyetembea malisho marefu ni sawa: nyuzi ngumu huhitaji muda na maji ili zilainike. Hapa omba steki laini ya sarara, uikate vipande vyembamba kukatisha nyuzi, uikaushe kwa kitambaa. Maji huchemka kwenye nyuzijoto 100, lakini ule ukahawia wenye ladha, ambao Mfaransa Louis-Camille Maillard aliueleza mwaka 1912, hushika kasi kwenye nyuzijoto 140 hivi. Nyama yenye maji haifiki huko. Kikaango kikitoa moshi kidogo, tia vipande vichache vichache. Ukivijaza vyote pamoja vitatoa maji na utakuwa umepika mchuzi. Jiko la mkaa linafaa sana.

Ikishapata rangi, itoe. Kaanga vitunguu vikubwa na nyanya zilizokatwa vipande vinene, upesi, visilainike kabisa. Rudisha nyama, nyunyiza siki na sosi ya soya, epua, kisha ndipo utwange pilipili manga iwe chengachenga, uimimine na giligilani juu. Piperini haiyeyuki kirahisi kwenye maji, ila mafuta yaliyobaki kikaangoni huibeba vizuri. Changanya na chipsi, weka wali pembeni.

Ukipita Kinole au ukienda soko la Morogoro mjini, nunua punje nzima, zihifadhi kwenye kopo lisilopitisha mwanga, na utwange za kutosha chakula cha siku hiyo tu.