Chumba au Kiambaza? Istilahi Moja ya Diski ya Kumbukumbu

Katika kiini cha Linux, diski ya kumbukumbu hutambulikana kwa namba kuu, ambayo ni 1, pamoja na namba ndogo. Kila diski ikitengewa namba ndogo 16, ya kwanza huanzia 0 na ya pili 16. Namba hiyo ya mwanzo ni ya diski nzima. Sehemu ya tatu ya diski ya pili hupata 19.

Je, sehemu hiyo tuiite kiambaza? Fundi wa Malindi au Kilifi ajua kwamba kiambaza hutenga tu. Kikaliwacho ni chumba. Kadhalika hapa, kipewacho namba si mpaka, bali nafasi iliyozungukwa na mipaka. Twapendekeza chumba. Istilahi ikipotoka, hesabu ya mwanafunzi nayo hupotoka.