Tangazo Jekundu na X Nyekundu: Masharti ya Ujenzi Kati ya Woluwe na Dar es Salaam



Wengi wetu tulioko huku ughaibuni tunajenga nyumbani. Tunajibana, tunatuma hela kidogo kidogo: msingi mwaka huu, kuta mwaka ujao, bati Mungu akijalia. Kwa hiyo mada ya masharti ya mipango miji si ya wasanifu majengo peke yao. Inatugusa mifukoni. Hapa nataka kueleza jinsi masharti hayo yanavyofanya kazi katika manispaa moja ya Brussels, Woluwe-Saint-Lambert (wenye kusema Kiholanzi huiita Sint-Lambrechts-Woluwe), kisha nilinganishe na yaliyotupata Dar es Salaam. Hoja yangu ni moja: sharti la ujenzi lina faida likija kabla ya tofali la kwanza. Likija baada ya paa kuezekwa, haliitwi tena sharti, linaitwa bomoabomoa.

Mahali penyewe

Mkoa wa Brussels una manispaa 19, na Woluwe-Saint-Lambert iko upande wa mashariki. Jina linatokana na kijito cha Woluwe kinachopita bondeni. Zamani palikuwa mashamba na vinu vya kusagia nafaka kwa nguvu ya maji. Kinu cha Lindekemale bado kimesimama. Baada ya Vita Kuu ya Pili mji ukapanda hadi huku. Ikaja barabara kubwa ya Boulevard de la Woluwe, likaja jengo la maduka la Woluwe Shopping Center mwaka 1968, na miaka ya 1970 kitivo cha udaktari cha Chuo Kikuu cha Louvain pamoja na hospitali yake ya Saint-Luc. Katika haraka hiyo sehemu za kijito zilifungiwa kwenye mabomba chini ya ardhi. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, Mkoa una mpango wa kuunganisha upya mito yake na kuirudisha juu pale inapowezekana. Yaani kwanza walizika maji, sasa wanalipa kuyafukua. Liwekeni akilini hilo, tutalihitaji tukifika bonde la Msimbazi.

Masharti yanayopimika

Sheria hapa zimepangwa kwa ngazi. Juu ipo sheria kuu ya mipango ya Mkoa, ya mwaka 2004. Ipo ramani ya matumizi ya ardhi ya mwaka 2001, inayosema wapi ni makazi, wapi viwanda, wapi bustani. Halafu ipo kanuni ya ujenzi iliyopitishwa Novemba 2006. Manispaa hutoa vibali vya kawaida, na miradi mikubwa au ya umma huamuliwa na Mkoa.

Kilichonivutia katika kanuni ya 2006 ni namna inavyosema kwa tarakimu. Nyumba mpya iwe na tangi la kukinga maji ya mvua, angalau lita 33 kwa kila mita ya mraba ya paa. Paa la mita za mraba 100, basi, linadai tangi la lita 3,300. Nusu ya eneo la ua na bustani ibaki ardhi inayonyonya maji, usimwage zege kote. Paa bapa lisilotembelewa, likizidi mita za mraba 100, lioteshwe majani. Sababu ni kwamba mvua kubwa ikinyesha, mabomba ya maji machafu hujaa na maji hurudi kwenye nyumba za bondeni.

Hesabu ya namna hiyo hata mtoto wa shule ya msingi anaiweza. Fundi na afisa wa manispaa wanashika rula ile ile. Palipoandikwa tu "jengo liwe rafiki wa mazingira," kila mtu atasoma anavyotaka, na mwenye hela atasoma vizuri zaidi.

Upande wa nishati walitumia busara nyingine. Kati ya 2007 na 2013 Mkoa uliendesha mashindano ya majengo ya mfano: anayejenga au kukarabati nyumba inayotumia joto kidogo sana alipewa ruzuku. Wasanifu wakajifunza, mafundi wakazoea madirisha ya vioo vitatu na kuta nene za kuzuia baridi. Ndipo Januari 2015 ikawa lazima kwa makazi, ofisi na shule mpya, huku lengo la makazi likiwa takriban kilowati-saa 15 kwa mita ya mraba kwa mwaka kwa ajili ya kupasha joto. Walianza na ruzuku, wakatangaza sheria mapema, na kuilazimisha kukaja mwisho.

Tangazo jekundu

Sasa tufike kwenye lenyewe. Ukipita mitaa ya Woluwe utaona karatasi nyekundu imebandikwa kwenye ukuta au uzio. Imeandikwa Kifaransa na Kiholanzi: nani ameomba kibali, anataka kujenga nini, jalada linaangaliwa wapi, mwisho wa kutoa maoni ni lini, na kikao kitakaa siku gani, saa ngapi. Si kila kibali kinahitaji tangazo. Linatoka pale mradi unapotaka kuachiwa baadhi ya masharti, au unapogusa jambo nyeti kama kujenga ndani kabisa ya viwanja, nyuma ya nyumba za watu. Kwa kawaida wananchi hupewa siku 15. Unaandika barua, au unafika kwenye kikao unasema mbele ya wajumbe wa manispaa na wa idara za Mkoa zinazohusika na mipango, mazingira na urithi wa majengo. Maoni yao huandikwa, na mwenye kutoa kibali hawezi kuyapita kimya kimya.

Msidhani Wabelgiji walizaliwa na utaratibu huu. Mwaka 1965 walibomoa Maison du Peuple, kazi maarufu ya msanifu Victor Horta. Kuanzia 1967 mtaa wa kaskazini mwa jiji ulifyekwa ili kupisha minara ya ofisi, na maelfu ya watu wa kipato cha chini wakaondolewa. Ubomoaji huo ulifanya jina la jiji liwe tusi: "bruxellisation," kuubrusselsisha mji, maana yake kuuharibu kwa pupa ya wajenzi. Mwaka 1969 wakazi wa Marolles walikataa kuhamishwa, wakashinda. Haki ya kuonyeshwa mradi na kusikilizwa ilipatikana katikati ya miaka ya 1970, baada ya ugomvi. Haikuletwa na wema wa wakubwa.

Hapo Woluwe penyewe kuna ushahidi. Chuo kilipotaka kujenga mabweni ya wanafunzi wa udaktari, wanafunzi walikataa michoro ya majengo makubwa yanayofanana na hospitali, wakamtaka msanifu Lucien Kroll. Kroll alikaa nao kuchora, na jengo lao, La Mémé, lilijengwa miaka ya 1970. Kuta zake zina matofali, mbao na vioo bila mpangilio wa sare, na ndani baadhi ya kuta zinahamishika mkaaji akitaka. Wapo wanaosema ni kama kitambaa cha viraka. Baadaye chuo kilimchoka na kuachana naye, lakini jengo lipo, na kituo cha metro cha Alma alichokibuni, kilichofunguliwa 1982, kipo palepale.

Nisiwapambie, kasoro zipo. Vibali huchukua muda mrefu. Majirani wenye bustani nzuri wanajua kuandika barua, na wengine hutumia haki hiyo kuzuia nyumba za watu wa kawaida. Mpangaji mhamiaji asiyemudu Kifaransa cha ofisini analipita tangazo jekundu kama anapita tangazo la sarakasi. Sauti ipo kisheria, lakini haisikiki sawa kwa kila mtu.

X nyekundu

Na kwetu? Sheria hazikukosekana. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Sheria ya Mipango Miji ipo tangu 2007. Hata hivyo mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu Dar es Salaam, na baadhi ya waliokuwa mabondeni wakapelekwa Mabwepande. Desemba 2015 tingatinga zikaingia bonde la Msimbazi, na nyumba zilizofuata zikapakwa X nyekundu. Mwaka 2017 ikawa zamu ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kuelekea Kiluvya, kwa hoja ya hifadhi ya barabara ya mita 121.5 kutoka katikati.

Watu wanasema, "Si walijenga penye katazo?" Kweli. Lakini nyumba nyingi hizo zilikuwa na umeme, watoto wamekulia humo. Na serikali yenyewe ilijenga karakana ya mabasi ya mwendokasi Jangwani, bondeni palepale, ikawa inafurika masika kwa masika. Kama mpangaji mkuu hakusoma ramani ya maji, mama ntilie angeisomea wapi?

Rangi ni ile ile nyekundu. Ya Woluwe inauliza, "Mnasemaje?" Ya Msimbazi inasema, "Tokeni."

Tufanye nini

Kwanza, tunao mkutano wa mtaa, Wabelgiji hawana. Ombi la kibali libandikwe kwenye kiwanja kwa Kiswahili, pamoja na ramani, lisomwe mkutanoni kabla ya msingi kuchimbwa. Wazee wa mtaa wanajua maji hupita wapi hata kama ramani imenyamaza.

Pili, masharti yawe ya kupimika. Lita kadhaa za tangi kwa kila mita ya bati, na sehemu ya ua ibaki udongo. Dar mvua inanyesha na ndoo za maji zinauzwa siku ile ile!

Tatu, sheria mpya itangulizwe na elimu na unafuu, kama walivyofanya na ruzuku ile ya 2007.

Nne, hili ni letu wenyewe. Kabla hujatuma hela ya kiwanja, ndugu aende ofisi ya ardhi ya halmashauri na namba ya kiwanja, aulize matumizi yake kwenye mchoro wa mipango miji. Apime umbali kutoka mtoni na hifadhi ya barabara. Awaulize majirani masika ya mwaka mbaya maji yalifika wapi. Kibali cha ujenzi kipatikane kabla ya tripu ya kwanza ya mchanga. Shemeji akikuambia "hapa hapana shida, wote wamejenga," kumbuka Kimara nako wote walikuwa wamejenga.